Barua ya VA imesema hapana kwa sukari yako? Usiitupe kwenye droo

Hamjambo ndugu zangu, wa Moshi, wa Tanga, wa Kisii, wa Mombasa, na popote mnaponiangalia. Leo nazungumza na familia zenye mtu wao aliyepita jeshi la Marekani. Mko wengi. Vijana wetu wakifika huku Marekani, wengine wanaingia jeshini, wanatumikia, wanatoka. Wapo waliokwisharudi nyumbani wakajenga. Na kati yao wapo wenye sukari.

Kazi yangu mnaijua, natunza wazee majumbani, na baadhi yao walipigana Vietnam. Huko ndiko nilikoyaona haya. Bahasha inafika kutoka Idara ya Maveterani, ile VA, inayowalipa fidia wanajeshi wa zamani walioumia au kuugua kwa sababu ya jeshi. Mzee anasoma kwamba dai lake la fidia limekataliwa, anaikunja karatasi, anaitia kwenye droo, habari imeishia hapo. Inaniuma sana, kwa sababu mara nyingi alikuwa na haki.

Kwa wazee wa Vietnam sheria imeshawabebea sehemu ngumu. Kuanzia 1962 hadi 1971 ndege za Marekani zilinyunyiza dawa za kuua misitu, iliyojulikana zaidi ni Agent Orange, na ndani yake mlikuwa na sumu ya dioksini. Tangu 2001, mwanajeshi aliyetumikia Vietnam kati ya Januari 1962 na Mei 1975, akija kupata sukari aina ya pili, VA inaihesabu kuwa imetokana na utumishi wake. Haulizwi dawa ilimgusa siku gani. Aonyeshe kwamba alikuwepo, na kwamba anaumwa. Wanamaji waliokuwa melini karibu na pwani waliachwa nje miaka mingi, wakapambana mahakamani na bungeni mpaka sheria ya 2019 ikawaingiza. Mwaka 2022 sheria ya PACT ikaongeza waliokuwa Thailand, Laos, Kamboja, Guam na sehemu nyingine. Kwa hiyo mzee aliyeambiwa zamani "wewe hukukanyaga Vietnam" anaweza kulirudisha dai lake leo.

Vijana wetu wa Iraki na Afghanistan, kwenu nasema ukweli hata kama hautawapendeza. Sukari haimo kwenye orodha ya magonjwa yanayokubaliwa moja kwa moja kwa sababu ya moshi wa mashimo ya kuchomea taka kambini. Ninyi mnatakiwa kuonyesha njia. Labda vipimo vya jeshini vilishaonyesha sukari. Labda ilijitokeza ndani ya mwaka mmoja tangu kutoka. Au imeletwa na ugonjwa mwingine ambao VA imeshaukubali, au na dawa zake, maana kuna dawa kama za steroidi zinazopandisha sukari. Hapo unahitaji barua ya daktari aliyesoma faili lako, akaeleza sababu zake, na kusema uwezekano kwamba sukari yako imetokana na jeshi ni angalau nusu kwa nusu. Nusu kwa nusu inatosha. Sheria inasema ushahidi ukilingana pande zote mbili, apewe mwanajeshi.

Sasa rufaa. Tangu Februari 2019 ziko njia tatu, na una mwaka mmoja kuanzia tarehe iliyo kwenye barua. Ya kwanza ni dai la nyongeza: unapeleka ushahidi mpya unaohusika. Ya pili, unaomba ofisa wa ngazi ya juu alisome upya faili lile lile. Huongezi karatasi, lakini unaweza kuomba akupigie simu umwonyeshe palipokosewa. Ya tatu ni Bodi ya Rufaa za Maveterani, mbele ya jaji. Hii huchukua muda mrefu. Bodi nayo ikikataa, unazo siku 120 za kwenda mahakamani.

Uchague ipi? Rudi kwenye barua, tafuta wamekataa kwa sababu gani. Kama wanasema ushahidi haukuwepo, nenda ya kwanza. Kama ushahidi ulikuwemo na hawakuuangalia, nenda ya pili. Mwaka ukipita bado unaweza kuleta dai la nyongeza, ila unapoteza ile tarehe ya mwanzo ya kuhesabiwa malipo, na malipo ya nyuma yanapotea nayo. Hizo ni pesa za watoto.

Lipo na jambo la asilimia ya ulemavu, ile inayopanga ukubwa wa malipo yako, na hapa ndipo watu wengi wanapokwama. Ukitumia vidonge au insulini pamoja na mpangilio wa chakula, unapata asilimia 20. Ili ufike 40, lazima uwe unatumia insulini, na daktari awe ameandika kwamba usifanye kazi nzito wala michezo mizito kwa ajili ya sukari yenyewe. Mahakama ilishasema mwaka 2007 kwamba hilo lithibitishwe kitabibu. Neno lako peke yake halitoshi. Kama ukibeba mizigo kazini sukari inashuka mpaka unatetemeka, mwambie daktari, aiandike kwenye faili. Asiandike uongo, aandike linalokupata.

Lakini mimi naona watu wanaing'ang'ania sana hiyo 40 huku wameisahau miguu. Ganzi na kuwaka moto miguuni, figo, macho: madhara haya ya sukari yanaweza kupewa asilimia yake yenyewe, na kila mguu unapimwa peke yake. Yaombe! Hesabu yao haijumlishi moja kwa moja, 20 na 20 inakuwa 36, wanaipandisha kuwa 40. Ukifika 30, nyongeza ya mke au mume na watoto inaanza.

Na wewe uliyerudi nyumbani, fidia hii inakufuata Nairobi au Arusha. Upo pia mpango wa VA unaolipia matibabu nje ya Marekani kwa ugonjwa uliokubaliwa kwamba umetokana na jeshi. Tunza risiti za hospitali.

Msaada wa bure upo. Vyama vya maveterani kama DAV, American Legion na VFW vina wawakilishi walioidhinishwa na VA, na hawakutozi kitu. Sheria hairuhusu mtu akutoze ada kwa kukuandalia dai la kwanza. Akikwambia umpe fungu la malipo yako ya miezi ijayo, mkimbie.

Maswali niandikieni hapo chini, nitayasoma yote. Ila tafadhali, msiweke namba ya faili wala picha ya barua yenye jina. Niambieni tu tarehe ya barua, na sababu waliyoitoa.