Mbwa Kakulamba Shavu: Unacheka au Unanawa?

SALMA: Wasikilizaji, hiyo chwachwa mnayoisikia si mitambo mibovu. Ni Tomi, mbwa wa Baraka, analamba sponji ya maikrofoni. Maikrofoni yangu!

BARAKA: Anakusalimia, dadangu.

SALMA: Salamu zake akupe wewe. Mimi nimelelewa Mji wa Kale, Mombasa. Nyanyangu akiguswa na pua ya mbwa yenye maji, hatulii mpaka aoshe mara saba, moja kwa mchanga. Sisi ni Mashafii, Waislamu wa madhehebu ya Shafi.

BARAKA: Lakini Wamaliki wanasema mbwa aliye hai si najisi.

SALMA: Kweli, na wote ni Waislamu. Ila hiyo ni habari ya sala. Mimi leo nauliza habari ya tumbo. Huyu akikulamba mdomoni, unapata nini?

BARAKA: Mimi nilikuwa nikisema mdomo wa mbwa ni msafi kuliko wetu.

SALMA: Mdomo uliotoka kujilamba wapi dakika tano zilizopita?

BARAKA: (anacheka) Haya, nimeshindwa. Ukweli ni kwamba una vijidudu vyake, tofauti na vyetu. Kwa mtu mzima mwenye afya, kulambwa mkono hakuna neno. Aliyetolewa wengu, au anayetibiwa saratani, huyo ajihadhari, maana kuna bakteria wa mate ya mbwa wanaoweza kumwingia kwenye damu wakamuua.

SALMA: Mimi kinachonitisha ni minyoo. Nenda Turkana, kaskazini mwa Kenya. Kule kuna tegu mdogo wa milimita chache, anakaa kwenye utumbo wa mbwa na mbwa mwenyewe haumwi. Mayai yanatoka na kinyesi, yananata kwenye manyoya. Mbwa anajilamba nyuma, kisha anamlamba mtoto usoni. Yai likishamwingia mtu, linageuka kifuko cha maji kwenye ini au pafu, kinakua taratibu miaka na miaka, mpaka mtu ana tumbo kama mjamzito. Wengine hawaponi bila kupasuliwa. Shirika la afya la AMREF lilianza kampeni dhidi yake huko mwaka 1983.

BARAKA: Na kule mbwa ndiye yaya. Mtoto akijisaidia, mbwa anamsafisha kwa ulimi.

SALMA: Na tusiwacheke. Maji uliyoyatembelea nusu siku huwezi kumwoshea mtoto kila anapojichafua.

BARAKA: Sasa mbwa anampata wapi huyo tegu?

SALMA: Kwenye nyama za ndani. Wewe kwenu Krismasi mkichinja mbuzi, pafu mkilikuta na malengelenge ya maji, mnalipeleka wapi?

BARAKA: ...Tunamtupia mbwa.

SALMA: Umeona? Hayo malengelenge ndiyo mbegu. Lichome, au lifukie chini kabisa asilifukue. Ulimi wa mbwa hauna kosa, kaka. Kosa ni la aliyemlisha.

BARAKA: Na kichaa cha mbwa? Maana hicho hakihitaji hata kung'atwa.

SALMA: Mate yakigusa ngozi isiyo na jeraha, unanawa, basi. Yakiingia jichoni, mdomoni au kwenye mchubuko, na mbwa mwenyewe humwamini, hapo ni kama kung'atwa. Osha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 (jicho na mdomo ni maji tupu), kisha hospitali siku hiyo hiyo ukachanjwe. Usingoje uone mbwa atafanyaje ndipo uende, maana virusi vinaweza kuwa kwenye mate siku kadhaa kabla hajaanza kuonyesha dalili. Na kwa binadamu dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona.

BARAKA: Tomi amechanjwa. Kadi ninayo.

SALMA: Vizuri. Na dawa ya minyoo, mara ya mwisho lini?

BARAKA: Ee... ilikuwa kabla ya mvua.

SALMA: Mvua zipi?

BARAKA: (kimya) Tomi, shuka. Shuka mapajani, bwana.

SALMA: Wasikilizaji, Baraka anajipangusa shavu. Sabuni iko pale sinki, kaka. Nenda, nitakungoja.