Joto si Chakula: Viumbe wa Dohani za Bahari Kuu

Ndugu wasikilizaji, husemwa mara nyingi, hata darasani, kwamba chini kabisa baharini kuna bakteria wanaokula joto. Hakuna kiumbe anayekula joto. Joto ni makazi yao tu, chakula nitakifikia.

Mwaka 1977 nyambizi ndogo ya Marekani iitwayo Alvin ilizama karibu na visiwa vya Galápagos, kina cha mita 2,500 hivi. Wanajiolojia walikuwa wakitafuta chemchemi za maji moto. Walizipata, lakini zimezungukwa na kome, kaa na minyoo mirefu, mahali ambapo jua halifiki. Na msafara mzima haukuwa na mwanabiolojia hata mmoja! Mwaka 1979, Pasifiki ya mashariki, zikaonekana dohani za mawe zikifoka maji meusi yenye joto la nyuzi 350 hivi za Selsiasi. Hayachemki, maana shinikizo la huko ni kama mara 250 ya hili la huku juu.

Sasa, ndani ya maji hayo ya nyuzi 350 haishi mtu wala mdudu. Vijidudu wanakaa kwenye kuta za dohani, zilizojaa vitundu, pale maji moto yanapokutana na maji ya bahari yenye nyuzi 2 tu. Kutoka moto hadi baridi ni sentimita chache, na kila aina ina tabaka lake. Methanopyrus kandleri ndiye bingwa: mwaka 2008 watafiti wa Japani waliripoti kwamba, chini ya shinikizo kubwa, aliendelea kuzaana kwenye nyuzi 122. Ila huyo si bakteria. Ni arkea, ukoo mwingine kabisa, ambao mwanabiolojia wa Marekani Carl Woese na mwenzake waliutenga mwaka uleule wa 1977. Bakteria wenyewe, hata wale wanaopenda joto zaidi kama Aquifex, hukomea nyuzi 95 hivi.

Chakula je? Maji ya bahari hupenya kwenye nyufa, hupata moto karibu na miamba iliyoyeyuka, kisha hurudi yakiwa yamebeba hidrojeni na salfaidi, ile yenye harufu ya yai viza. Methanopyrus huunganisha hidrojeni na kaboni dioksaidi, hutoa methani, na nishati inayopatikana humtosha. Wengine hutumia oksijeni kuunguza salfaidi, na oksijeni hiyo imetoka kwa viumbe wa juu wanaotumia mwanga. Kwa hiyo wanaodai kwamba dunia ile yote haidaiwi chochote na jua, wametia chumvi.

Mtauliza kwa nini hawaivi. Protini zao zimekunjwa na kukazwa sana, na utando unaozunguka seli za arkea wengi wa aina hii umeshonwa upande hadi upande, hauachani kwa joto. Uimara huo una gharama: arkea mwingine, Pyrolobus fumarii, hukua hadi nyuzi 113, lakini ukimshusha chini ya 90, maji ambayo bado yangetubabua, hakui tena.

Nipokee maswali.