Twiga wa Malindi na Suala la Majina

Ndugu zangu, wapo humu walionisikia nikilisema hili mara tano. Watanivumilia. Tunawafundisha vijana uhusiano wa kimataifa kana kwamba dunia ilianza na mikataba ya amani ya Westphalia, huko Ulaya, mwaka 1648. Leo naanza kwingine.

Zilu, mwanafunzi wa Confucius, mwanafalsafa wa China ya kale, alimuuliza mwalimu wake: mtawala wa Wei, moja ya dola za China ya wakati ule, akikukabidhi serikali, utaanza na lipi? Akajibiwa: kusahihisha majina. Zilu akaona mzee anazunguka mbuyu. Baba na mwana wanagombea kiti cha enzi, wewe unazungumzia majina! Mwalimu akamkemea. Jina lisipokuwa sahihi, maneno hayashiki; maneno yasiposhika, kazi haiendi. Na kweli, ugomvi wa Wei ulikuwa huo huo: nani aitwe mtawala, nani aitwe mwana?

Sasa mtazameni twiga wetu. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha kwa mfalme Yongle wa Ming, ukoo uliotawala China. Kasri likampokea kama qilin, mnyama wa heri anayejitokeza mtawala akiwa mwema, na ujio wake ukaandikwa kuwa ni ushuru wa utii. Malindi haikuwa chini ya Ming hata siku moja! Jina moja lilimtukuza mfalme, jingine likatushusha sisi.

Najua kuna anayetaka kuniambia: lakini hawakuitawala Malindi, kwa hiyo siasa ya Kikonfusio ni ya amani. Jamani, tusiharakishe. Mfalme huyo huyo alipeleka jeshi Vietnam kwa jina la kuurudisha madarakani ukoo wa kifalme wa Trần. Mwaka 1407 akaifanya nchi ile jimbo lake, na ikawachukua Wavietnam miaka ishirini kuwatoa Ming. Huko ni kurudisha au kunyakua? Kipimo kimo ndani ya mapokeo yenyewe: Mencius, mwanafalsafa wa Kikonfusio, alikwisha kusema kwamba atumiaye nguvu huku akijivika wema ni mbabe, si mfalme wa haki.

Kuhusu tianxia, wazo la Kichina la dunia yote iliyo chini ya mbingu, na hoja za Zhao Tingyang, mwanafalsafa wa China wa zama hizi, muda umenitupa mkono. Niseme TAZARA tu, reli ya Tanzania na Zambia iliyojengwa na China. Kilomita 1,860, zimejengwa kwa mkopo usio na riba, na mpaka leo wengi wetu tunauita msaada. Aliyekopeshwa anauliza masharti. Aliyepewa msaada anashukuru na kuondoka. Mikataba inayosainiwa sasa, ya mashariki na ya magharibi, inaitwaje? Karibuni, nani anaanza?