Saa Mbili Ikawa Saa Nane

Shikamooni wakubwa, mambo wadogo zangu wa Dar! Niko jikoni kwangu Helsinki, nje theluji tupu, nimewasha kamera kwa sababu ya simu ya juzi kutoka Tandika.

Mdogo wangu anafanya kazi kwa wakala wa forodha, kutwa yuko kwenye mambo ya bandari. Mteja wa nje alitaka kujua lori linafika saa ngapi kupakia kontena. Dogo akaandika, "Lori litafika saa mbili usiku," akaipa programu ya akili mnemba imgeuzie kwa Kiingereza. Ikamwekea 2:00 AM. Yaani saa nane za usiku! Kosa la saa sita nzima, na kontena linasubiri. Akaliona kabla hajatuma.

Nikamuuliza, umejuaje? Akanijibu, "Dada, si ulisema inakisia?" Jamani, nilitokwa na machozi.

Ndivyo zilivyo. Mashine hizi zimelishwa maandishi mengi mno, sehemu kubwa ya Kiingereza, na zinaandika kwa kukisia neno gani huenda likafuata. Saa yetu ya kuhesabu tangu macheo hazijakutana nayo vya kutosha. Ukilijua hilo, unajua pa kukagua: saa, majina, hesabu za ushuru.

Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022 mnaniuliza, "Dada, kazi zetu zitabaki?" Kwa dogo sina wasiwasi. Forodha anaijua, na sasa mashine nayo anaijua inapoteleza. Pale ofisini barua za wateja wa nje zinapita kwake kwanza. Hata programu ikibadilishwa kesho, jicho lile anahama nalo.

Mimi nilianzia Elements of AI, kozi ya Chuo Kikuu cha Helsinki iliyoanza 2018. Ni bure, iko mtandaoni, na huhitaji kujua kuandika programu. Nilikuwa naisoma usiku nikitoka zamu. Niliisoma kwa Kiingereza, ila chepesi. Sehemu ya uwezekano, ile kanuni ya Bayes ya kurekebisha makisio kila unapopata taarifa mpya, ilinitoa jasho wiki nzima. Msiiruke, tafadhali! Hapo ndipo nilipoelewa kukisia maana yake nini.

Dogo yuko sura ya tatu. Jumapili, saa tatu usiku ya kwenu, tunapigiana simu tufanye mazoezi pamoja. Nimemwambia aandae daftari.