Wamekuongezea dola 20: uliza zimeandikwa mstari gani

SERGE: Karibuni tena, wasikilizaji wetu wa Lubumbashi, Likasi, Kolwezi na wale wanaotufuata kutoka mbali. Ni Desemba 2025, barua za nyongeza zimetoka kwenye makampuni mengi. Ya Bibiche, dada yangu, sauti tulizopokea wiki hii karibu zote ni kilio kimoja.

BIBICHE: Nimezisikiliza zote. Kuna huyu mama wa Katuba, mhasibu kwenye kampuni ya malori. Mwaka mzima walimwambia vumilia, mwisho wa mwaka tutaangalia. Wameangalia: dola 20. Alikuwa na 500, sasa 520.

SERGE: Anasema alisoma barua mara ya pili akidhani sifuri moja imesahaulika.

BIBICHE: Mama, kama unatusikia, uchungu wako una haki. Usikubali mtu akuambie "shukuru Mungu, wengine hawana kazi". Kushukuru Mungu ni jambo moja, mshahara ni jambo lingine. Umefanya kazi, unadai malipo ya kazi.

SERGE: Twende polepole kwenye hesabu, maana wewe umekaa miaka mingi kwenye ofisi ya mishahara. Hizo dola 20, zote zinafika nyumbani?

BIBICHE: Hapana. Kama zimeingia kwenye mshahara wa msingi, CNSS, mfuko wa pensheni na bima ya wafanyakazi, inachukua asilimia 5, yaani dola 1. Zinabaki 19. Kwa mshahara wa kiasi chake, IPR, kodi inayokatwa kwenye mshahara, ni asilimia 15 kwenye hiyo sehemu ya juu: dola 2 na senti 85. Mkononi anapata 16 na senti 15.

SERGE: Na mfuko wa unga haujui kwamba kuna IPR.

BIBICHE: Unga haujui, minervali, karo ya shule ya watoto, haijui. Lakini kuna kitu kikubwa kuliko kodi mwaka huu, na watu hawakisemi kwenye ofisi: dola yenyewe. Mwanzoni mwa mwaka ulikuwa unabadilisha dola moja kwa zaidi ya franka 2,800. Baadaye ikashuka chini ya 2,500. Chukua 500 zake za zamani kwa 2,800: franka 1,400,000. Chukua 520 mpya kwa 2,400: franka 1,248,000. Barua inasema umeongezewa. Kwenye soko la Kenya, hapa Lubumbashi, umepunguziwa franka 152,000.

SERGE: Ngoja. Wakubwa watajibu kwamba franka ikipata nguvu, bei zinashuka pia.

BIBICHE: Waende sokoni wakaone. Bei ya vitu vingi ilipanda haraka dola ilipopanda. Dola iliposhuka, bei zilishuka kwa uzito sana, nyingine hazikushuka kabisa. Nauli ya taksibisi, ulisikia imerudi chini? Anayelipwa kwa dola na kula kwa franka ndiye aliyebeba mzigo.

SERGE: Kuna wanaouliza kuhusu ile asilimia 3. Wanasema sheria inalazimisha kila mwaka asilimia 3.

BIBICHE: Ipo, lakini ielewe vizuri. Amri ya mshahara wa chini, SMIG, inaweka nyongeza ya asilimia 3 kwa kila mwaka wa kazi usiokatika kwa mwajiri mmoja. Inahesabiwa juu ya kiwango cha chini cha kategoria yako, siyo juu ya ule mshahara unaopokea. Kama tayari unalipwa juu sana ya kiwango hicho, mwajiri anaweza kusema ametimiza. Lakini mimi nasema hivi: mwajiri akikupa asilimia 3 na kuiita zawadi kwa juhudi zako, mkumbushe kwa heshima kwamba huo ni ukongwe wa kazi. Juhudi zako bado hazijazungumziwa.

SERGE: Halafu SMIG yenyewe imepanda mwaka huu.

BIBICHE: Ndiyo, ilikuwa franka 7,075 kwa siku tangu 2018, mwaka huu ikawa 14,500, na hatua ya 21,500 imepangwa Januari 2026. Mimi nimefurahi kwa walinzi na vibarua, walikuwa wanaumia mno. Lakini sikia kinachotokea: bajeti ya nyongeza inakwenda chini kuwainua wale, na watu wa katikati kama mama wetu mhasibu wanaachiwa makombo. Si kosa la mlinzi. Usimwangalie mlinzi vibaya.

SERGE: Ya Bibiche, sasa swali lako la kila siku, lile la mstari.

BIBICHE: Hilo ndilo ninalotaka watu walishike leo. Ukipata barua, usiangalie tarakimu tu. Subiri fishi ya mshahara, ile karatasi inayoonyesha malipo yako mstari kwa mstari, uone nyongeza imeandikwa mstari gani. Mshahara wa msingi? Pesa ya transpo? Pesa ya nyumba? Primi, yaani bonasi? Kwa sheria yetu ya kazi, Code du travail ya 2002, pesa ya usafiri na ya nyumba haihesabiwi kuwa sehemu ya mshahara wenyewe.

SERGE: Hapo mimi nitapingana na wewe kidogo, dada. Mimi nina watoto watatu. Wakiweka dola 20 kwenye transpo, na isipite kiasi kinachokubaliwa, CNSS haigusi, kodi haigusi. Napata 20 kamili badala ya 16. Kwa mtu wa mwisho wa mwezi, hizo dola 4 ni chakula.

BIBICHE: Ni kweli, na siwezi kumlaumu anayechagua hivyo akijua anachochagua. Ninachokasirikia ni mtu kuchaguliwa bila kujua. Nimeona mafishi ambapo kwa miaka mshahara wa msingi haukusogea, kila nyongeza inatupwa kwenye transpo. Mama huyo akienda kujifungua, sheria inampa wiki 14 na theluthi mbili za mshahara. Theluthi mbili za nini? Za ule msingi mdogo. Akiugua muda mrefu, ni vilevile theluthi mbili. Na akifika kwenye pensheni, CNSS inaangalia kilichotangazwa, haiangalii transpo. Kampuni nayo inaokoa asilimia 13 yake ya CNSS kila mwezi. Kwa hiyo usiniambie ni wema.

SERGE: Hapo umenifunga.

BIBICHE: Sijataka kukufunga, mdogo wangu. Omba igawanywe. Nusu msingi, nusu transpo. Wakubwa wengi wanakubali hilo upesi kuliko kuongeza dola moja, kwa sababu jumla haibadiliki sana.

SERGE: Na watoto? Nilisikia wanapunguza kodi.

BIBICHE: Kila mtu unayemlisha anayetambuliwa anapunguza kodi kwa asilimia 2, mpaka watu 9. Wengi wamezaa na hawakupeleka cheti cha kuzaliwa ofisini. Peleka kesho.

SERGE: Wengine wanatwambia: mnaongea karatasi, sisi tunaogopa. Ukiuliza, unaitwa mkorofi.

BIBICHE: Woga huo una mizizi hapa. Serge, wewe unajua ile ya 1941.

SERGE: Babu yangu aliisikia kwa baba yake. Wakati wa vita vya Ulaya, bei zilipanda hapa Élisabethville, ndivyo Lubumbashi ilivyoitwa, kazi ya shaba ikaongezeka. Wafanyakazi wazungu wa Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, walidai, wakapata. Wafanyakazi weusi nao wakadai, wakagoma. Tarehe 9 Desemba 1941 walikuwa wamekusanyika uwanja wa mpira, askari wakawapiga risasi. Léonard Mpoyi, karani aliyewasemea wenzake, aliuawa siku hiyo. Waliomba nini? Mshahara unaotosha bei ya sokoni.

BIBICHE: Ndiyo maana ninaumia kuona mtu leo, mwenye kontra, yaani mkataba wa kazi, mwenye delege wa sendika wa kumsemea, mwenye inspeksheni ya kazi mjini, anashindwa kuandika barua ya mistari mitano.

SERGE: Aandike nini?

BIBICHE: Kwanza asiende na jina la mwenzake mdomoni. "Fulani amepata 60" inaharibu yote, na fulani anapata matatizo. Aende na kazi yake: faili alizofunga, pesa za wateja alizokusanya, kazi ya aliyeondoka ambayo amebebeshwa. Halafu aulize mambo mawili: nyongeza imewekwa mstari gani, na lini tutazungumza tena. Adai mwezi utajwe. Bajeti nyingi zinafungwa kabla ya Desemba, kwa hiyo pesa ya Januari imekwisha kugawanywa. Ya Juni bado.

SERGE: Niongeze la sisi watu wa sutretansi, tunaoajiriwa na kampuni ndogo inayofanyia mgodi kazi. Bosi wetu analipwa kwa bei ya kontra aliyosaini na mgodi. Kama bei hiyo imefungwa miaka miwili, hata akikupenda hana pa kutoa. Uliza kontra inarudiwa lini. Uombe wiki chache kabla, wakati anatengeneza bei mpya, ili mshahara wako uwe ndani yake.

BIBICHE: Hilo ni zuri sana. Na wakikataa kila kitu, hata mwezi wa kuzungumza?

SERGE: Mimi ningeanza kutuma CV kimyakimya. Lakini si kukimbilia Kolwezi kwa dola 100 zaidi bila kuuliza kodi ya nyumba kule.

BIBICHE: Na usiandike barua ya kuacha kazi kabla hujasaini kontra mpya. Ahadi ya simu si kontra. Mama wa Katuba, tutumie fishi yako ya Januari, ufunike jina lako na la kampuni. Tutaisoma mstari kwa mstari kwenye kipindi kijacho.