Karafuu, Mabonde na Kura Moja ya Chake Chake

Assalaamu alaykum wazee wangu, walimu na vijana. Nimeombwa nizungumzie siasa ya Pemba wakati wa Mwingereza. Nitaanza na udongo, maana bila ya udongo tutabaki na hadithi za viongozi tu.

Baina yetu na bara ya Tanga ipo bahari ya kiasi cha kilomita 50, na kina chake kinapita mita 800. Pemba ilijitenga na bara zamani mno, ndiyo maana tuna popo wetu asiyepatikana pengine popote duniani. Nchi yenyewe ni vilima na mabonde, kilimani mkarafuu, bondeni mpunga. Magharibi hori zinaingia mpaka ndani, na kando ya hori hizo ndiko zilikokaa Wete, Chake na Mkoani, makao ya wilaya za Mwingereza.

Sasa tazameni Unguja. Udongo mzuri uko magharibi. Mashariki na kusini ni mawe, ndiyo uwanda. Mashamba makubwa ya mikarafuu yakawa upande mmoja na wenyeji wengi wakasukumwa upande wa pili. Pemba mpaka wa namna hiyo haukuwepo. Mawe tunayo, nendeni Micheweni mkaone, lakini sehemu kubwa ya kisiwa inalimika. Mwarabu na Mpemba wakapakana mashamba, wakaoana, wakazikana. Nisieleweke vibaya: mikarafuu mingi ya mwanzo ilipandwa na watumwa, na sheria ya kuufuta utumwa haikutoka mpaka 1897. Dhuluma hiyo tusiipambe.

Kilichoigeuza Pemba ni kimbunga cha 1872. Kiliangusha mikarafuu ya Unguja, ya huku kwetu ikanusurika, na tangu hapo karafuu nyingi za Zanzibar hutoka Pemba. Wazee wanajua msimu ulivyo: mchumaji yuko juu anavuta tawi, pakacha linajaa, na usiku nyumba nzima imekaa kuchambua, karafuu huku, makonyo, yaani vikonyo vyake, kule, mpaka vidole vinanuka siku kadhaa. Asubuhi zinaanikwa majamvini na macho yako mawinguni, kwani mvua moja huharibu kazi yote.

Pamoja na karafuu likaja deni. Mwenye shamba alikopa kabla mavuno hayajawiva, akaweka rahani shamba lenyewe. Deni halikuchagua kabila. Mwaka 1934 serikali ikalazimika kutunga sheria za kuzuia mashamba yasiende kwa wakopeshaji. Kwa maoni yangu, hapa ndipo wenye mashamba wa Pemba, wakubwa kwa wadogo, walipojiona wana shida moja, na hili wanaoandika habari zetu kutoka mbali hulipita haraka.

Basi vyama vilipokuja, Pemba haikugawika kama Unguja. ZPPP, yaani Zanzibar and Pemba People's Party, ya Sheikh Muhammed Shamte, iliyoanzishwa 1959, ilipata nguvu zake huku. Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa na viti 22: chama cha Afro-Shirazi 10, Hizbu, yaani chama cha ZNP, 9, ZPPP 3. Na katika hivyo 10, kiti cha Chake Chake kilipatikana kwa tofauti ya kura moja tu! Wajumbe watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili kwa Hizbu, mmoja kwa Afro-Shirazi, ikawa 11 kwa 11. Serikali haikuundika. Kikaongezwa kiti cha 23, hapa hapa Pemba, uchaguzi ukarudiwa Juni, na Unguja damu ikamwagika, watu 68 wakafa.

Julai 1963 Afro-Shirazi walipata kiasi cha asilimia 54 ya kura zote, lakini viti 13 tu kati ya 31. Kura zao zilirundikana kwenye majimbo ya Unguja. Hizbu na ZPPP wakachukua majimbo mengi ya Pemba. Mzee Shamte, mtu wa Pemba, akawa Waziri Mkuu wa nchi iliyopata uhuru tarehe 10 Disemba 1963. Tarehe 12 Januari 1964 serikali yake ilipinduliwa, na mapinduzi yenyewe yalifanyika Unguja.

Wakati wangu umekwisha. Maswali tuanze na wazee waliopiga kura 1961, halafu vijana.