Mwamuzi Ameona, Lakini Ananyamaza

NEEMA: Karibuni tena wasikilizaji. Mkisikia bodaboda mtuvumilie, tuko Kirumba na dirisha tumeliacha wazi kwa ajili ya joto. Kaka Kulwa, wiki nzima hii umeniganda na besiboli.

KULWA: Si besiboli yote, dada. Sheria moja tu. Mkimbiaji anapita besi, yaani moja ya alama nne anazopaswa kuzigusa akizunguka uwanja, bila kuikanyaga. Mwamuzi yupo palepale, ameona kwa macho yake. Unadhani anafanya nini?

NEEMA: Anamtoa.

KULWA: Ananyamaza. Anasubiri timu iliyo ulinzini ikate rufaa. Isipokata, mkimbiaji anahesabiwa kana kwamba aliikanyaga.

NEEMA: Hapo sikubali. Mwamuzi amewekwa wa nini basi?

KULWA: Subiri, maana rufaa yenyewe ina masharti. Lazima ije kabla mrushaji hajamrushia mpigaji mpira unaofuata. Na kupiga kelele tu haitoshi. Kama mchezo ulisimama, mrushaji anarudi kwenye kibao anachosimamia akirusha, mwamuzi anaruhusu mchezo, ndipo mrushaji anashuka na kurusha mpira kwenye besi ile. Mwenzake anaikanyaga mpira ukiwa mkononi, anasema wazi: yule hakuigusa hii. Sasa mrushaji akikosea, mpira ukaishia kwa watazamaji, rufaa imekufa. Huirudii.

NEEMA: Ngoja nikuambie kinachoniuma. Shule ya msingi nilicheza rede sana. Siku moja niko katikati, nimepiga magoti, najaza mchanga kwenye chupa. Mpira wa soksi ukapita nyuma yangu ukagusa pindo la sketi. Nilihisi kabisa. Waliokuwa wanarusha hawakuona, nami nikanyamaza, nikajaza chupa mpaka shingoni. Wenzangu wakanishangilia. Kaka, ni miaka mingi, lakini ile sketi bado naihisi inatikisika. Angekuwepo mwamuzi aliyeona, ningetaka aseme.

KULWA: Nakuelewa. Lakini sikiliza ya Aprili 2009, mechi ya huko Marekani kati ya Arizona Diamondbacks na Los Angeles Dodgers. Dodgers wana Andre Ethier besi ya tatu na Juan Pierre besi ya pili, mmoja ameshatoka. Randy Wolf anapiga, mpira unakwenda moja kwa moja mkononi kwa mrushaji, Dan Haren. Wa pili huyo. Mpira ukidakwa hewani, mkimbiaji aliyekwisha kuondoka lazima arudi aiguse besi yake. Haren akarusha besi ya pili, na mwenzake, badala ya kuikanyaga besi, akamfuata Pierre akamgusa. Wa tatu. Diamondbacks wakatoka uwanjani. Kumbe kabla Pierre hajaguswa, Ethier ameshakanyaga nyumbani, yaani besi ya mwisho inayoleta pointi.

NEEMA: Na besi ya tatu alirudi?

KULWA: Hakurudi! Wangerusha mpira besi ya tatu wakakata rufaa, wangepata auti ya nne.

NEEMA: Ya nne? Si zamu inaisha kwa tatu?

KULWA: Ya nne inachukua nafasi ya ile ya tatu, na pointi inafutwa. Hawakuomba, wakaenda kukaa. Kocha msaidizi wa Dodgers, Bob Schaefer, ndiye aliyeikumbuka sheria. Pointi ikaandikwa, Dodgers wakashinda 3-1.

NEEMA: Kwa hiyo mtu alikosea na akalipwa.

KULWA: Walinzi nao walikosea, dada. Nadhani neno lenyewe ndilo linatuchanganya. Mahakamani unakata rufaa kupinga hukumu. Huku hukumu bado haijatoka, rufaa ndiyo inayoiomba.

NEEMA: Eeh, hapo umenifungua kidogo. Na hukumu ikishatoka, tena ya makosa?

KULWA: Hilo ni jambo jingine, na likiwa kosa la macho ya mwamuzi, zamani lilikuwa halina dawa. Juni 2010, Detroit, mrushaji Armando Galarraga ametoa wapigaji 26 mfululizo, amebakiza mmoja tu amalize mchezo bila mtu kufika besi. Wa 27 naye alitoka, picha zinaonyesha, lakini mwamuzi Jim Joyce akasema yuko salama. Alipotazama marudio alikiri kosa na kumwomba Galarraga radhi. Uamuzi haukubadilishwa. Marudio ya video kwa makosa ya aina ile yameruhusiwa tangu 2014.

NEEMA: Joyce namheshimu. Mimi sikukiri.

KULWA: Ya mwisho. Julai 1983 George Brett wa Kansas City Royals aliwapiga Yankees mpira uliotoka nje ya uwanja. Waamuzi wakamtoa kwa sababu gongo lake lilikuwa limepakwa utomvu wa msonobari kupita inchi 18. Rais wa ligi akaubatilisha uamuzi huo, mchezo ukaendelea Agosti 18 kutoka pale ulipokatikia, na waamuzi wengine. Kocha wa Yankees, Billy Martin, akakata rufaa papo hapo: Brett hakugusa besi zote siku ile, na hata mpira ukitoka nje lazima mpigaji aziguse. Waamuzi wapya wangejuaje?

NEEMA: Wasingejua!

KULWA: Mmoja akatoa karatasi mfukoni. Hati ya kiapo, imesainiwa na waamuzi wa kwanza, kwamba Brett aligusa besi zote. Royals wakashinda 5-4.

NEEMA: Kwa hiyo jibu lilikuwa mfukoni tangu mwanzo, na bado wakasubiri waulizwe.

KULWA: Ndiyo sheria.

NEEMA: Sheria nimeielewa sasa, kaka. Kuikubali, bado.